Masela, tizi kwanza kamera baadaye!

Wanafunzi wa Temeke na Kinondoni! Mnachangishana pesa ya kula mkodi kamera siku moja, mpige video ya wimbo wenu. Siku hiyo si ya kujifunzia jamani! Mimi nilijifunzia hapo hapo, Tandika. Picha za mwendo wa pole pole zilitoka bomba, ila midomo ya msanii ikawa inaimba wimbo mwingine kabisa. Michango ya watu ikayeyuka.

Dawa ni hii: kamera ikichukua picha 50 kwa sekunde na video ikichezwa kwa 25, basi siku ya kurekodi wimbo upigwe spidi mara mbili, msanii aufukuzie. Ulimi unagoma! Fanyeni tizi jioni kadhaa kwa simu. Ikichukua 60, chezesha kwa 30. Mpiga picha naye azoee kutembea kinyumenyume. Mitaro ya Tandika naijua.