Michezo ya Wazee na Kazi ya Ubongo

Mgeni aingiaye katika kituo cha mchana cha wazee nchini Uingereza, yaani mahali ambapo wazee hupelekwa asubuhi na kurudishwa makwao jioni, huenda akawakuta watu saba au wanane wameketi duara wakirushiana mpira laini. Kila anayeudaka hutaja jina lake, au chakula akipendacho, kisha humrushia mwenziwe. Aghalabu mgeni huona huruma, akidhani kwamba wazee hao wamerudishwa utotoni ili saa zipite. Dhana hiyo si sahihi. Zoezi hilo ni sehemu ya tiba iliyopimwa kwa njia ileile inayotumika kupima dawa, na matokeo yake yanastahili kujulikana na kila mwenye mzee nyumbani.

Wengi waketio katika duara la namna hiyo wana maradhi ya dimenshia. Maradhi haya si uzee wenyewe, kwani wako watu wanaofikia miaka tisini na akili zao ni timamu. Dimenshia ni jina la kundi la maradhi yanayoharibu chembe hai za ubongo, na yaliyo mengi zaidi ni yale yanayoitwa kwa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani aliyeyaeleza mwaka 1906. Mojawapo ya sehemu zinazoathirika mapema ni hipokampo, kiungo kidogo kilichomo ndani ya ubongo, ambacho husaidia kuhifadhi mambo mapya. Kumbukumbu za zamani zimekwisha kuenea katika gamba la ubongo, nazo hudumu zaidi. Ndiyo sababu mzee husahau kwamba amekwisha kula chakula cha mchana, lakini aweza kusimulia jinsi alivyochunga ng'ombe wa babake alipokuwa mtoto.

Jitihada za kuwasaidia wagonjwa hawa kwa shughuli za kikundi zilianza kupata umbo mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali za askari wastaafu nchini Marekani. Wauguzi walitundika ubao ulioandikwa siku, tarehe, hali ya hewa na jina la mahali, na mara kwa mara waliwakumbusha wagonjwa mambo hayo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mikononi mwa watumishi wasio na subira njia hiyo iligeuka kuwa mtihani usiokwisha. Mtu mzima, pengine aliyepata kuwa mwalimu au fundi stadi, aliulizwa mbele ya wenzake leo ni siku gani. Akikosea alisahihishwa, na baada ya robo saa akaulizwa tena. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kusimamishwa ubaoni bila kujua jibu atatambua uchungu wa jambo hilo. Tofauti ni kwamba mwanafunzi aweza kwenda nyumbani akasoma, ambapo mzee huyu hawezi.

Mnamo mwaka 1963 daktari wa Marekani, Robert Butler, alitoa hoja kwamba mzee kusimulia maisha yake ya nyuma si dalili ya kuchakaa, bali ni kazi ya maana ya nafsi. Hoja hiyo iliwafungulia wengine mlango. Kutokana na mambo hayo mawili, ubao wa siku na masimulizi ya kale, wanasaikolojia wa Uingereza, akiwamo Aimee Spector wa London, walitunga tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi.

Tiba hiyo ina vipindi 14, viwili kwa juma, kila kimoja cha dakika 45. Kikundi hujichagulia jina na wimbo wake, nao wimbo huo huimbwa kila wanapokutana, ili hata aliyesahau kipindi kilichopita ahisi kwamba mahali hapo si pageni. Mpira hurushwa kwanza, kisha huja shughuli ya siku: sauti, utoto, vyakula, matumizi ya fedha, kupanga vitu kwa makundi, michezo ya maneno, na mwishowe chemsha bongo ya timu mbili. Ubao wa siku ungalipo, lakini hausomwi kama mashtaka.

Kiini cha tiba yote ni kanuni moja: huulizwa maoni, hayaulizwi majibu. Kwa mfano, kiongozi haonyeshi kibuyu na kudai jina lake. Huweka kibuyu kando ya ndoo ya plastiki na kuuliza ni kipi kinachohifadhi maziwa vizuri zaidi. Swali hilo haliwezi kumfedhehesha mtu, kwani hakuna jibu la kukosewa. Hata hivyo ili alijibu, mzee hulazimika kuvitambua vitu vyote viwili, kuvilinganisha, kutafuta maneno, kumsikiliza jirani yake anayepinga, na kumjibu. Ubongo umefanya kazi kubwa bila mwenyewe kuhisi kwamba anapimwa.

Je, faida ipo kweli? Mwaka 2003 Spector na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 201 katika nyumba za kulelea wazee 18 na vituo vya mchana 5. Kwa kura, 115 walipewa tiba na 86 waliendelea na maisha yao ya kawaida, naye aliyewapima mwishoni hakuambiwa nani alikuwa upande upi. Baada ya majuma saba waliopewa tiba waliwazidi wenzao kwa takriban alama moja katika kipimo cha akili chenye alama 30, na wenyewe walisema kwamba maisha yao yalikuwa bora zaidi. Alama moja ni ndogo, na isitiwe chumvi. Lakini ilikaribiana na faida iliyopatikana katika majaribio ya dawa za maradhi hayo, dawa ambazo nazo haziponyi.

Ilibaki kuonekana kama njia iliyobuniwa London ingefaa kijijini, tena kwa watu wasiopata kukaa darasani. Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ilitoa jibu la kwanza kwa Tanzania. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulikuwa umewapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ukakuta kwamba takriban 6 katika kila 100 wana dimenshia. Tiba ilibidi ibadilishwe: michezo iliyotegemea kusoma na kuandika haikuwafaa wengi, na vifaa vilipaswa kuwa vile vinavyopatikana hapohapo. Jaribio lenyewe, lililotangazwa mwaka 2017, lilikuwa na wagonjwa 34. Hakuna aliyenyimwa tiba. Kura iliamua tu nani aanze mapema na nani asubiri, na waliosubiri wakawa kipimo cha kulinganishia. Mpango huo wafaa kujadiliwa darasani, maana unaonyesha jinsi haki na usahihi vinavyoweza kwenda pamoja. Uwezo wa akili wa wagonjwa uliongezeka, wasiwasi ukapungua, na mienendo iliyowasumbua waliowatunza ikapungua pia. Watu 34 ni wachache, na jaribio kubwa zaidi lingeongeza uhakika.

Hapa msomaji atajiuliza kama bao, lenye mashimo 32 na kete 64, laweza kumkinga mzee asipatwe na maradhi yenyewe. Mwaka 2003 wachunguzi wa Bronx, mjini New York, waliowafuatilia wazee 469 waliozidi miaka 75, waliona kwamba waliokuwa wakicheza michezo ya ubaoni, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walipatwa na dimenshia kwa uchache zaidi. Bao halikuchunguzwa huko, na zaidi ya hayo, dimenshia huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Yamkini mtu huacha mchezo kwa sababu akili imekwisha anza kupungua, wala si kwamba akili hupungua kwa kuwa ameacha mchezo. Uchunguzi mmoja wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2020 baada ya kuwafuatilia watumishi wa serikali kwa miaka 18, unaelekea upande huo: burudani za umri wa kati hazikuonekana kupunguza maradhi baadaye.

Kwa aliyekwisha kupatwa, ushahidi ni imara zaidi, ila una mpaka wake. Jaribio jingine la Uingereza, la mwaka 2014, liliwafuata wagonjwa 236 waliokwisha maliza vipindi vya kwanza. Baadhi yao waliongezewa kipindi kimoja kila juma kwa majuma 24. Baada ya miezi sita walioongezewa walikuwa na maisha bora kuliko wenzao, ingawa alama za akili hazikutofautiana kwa uhakika.