Msaidizi wa Tiba kwa Vitendo na Mtoto Mdogo

Tiba kwa vitendo ni fani ya utengamao inayomjengea mtu uwezo wa kufanya shughuli za kila siku kwa kuzitumia shughuli hizo hizo kama dawa, na kwa mtoto mdogo shughuli zenyewe ni kula, kuvaa, kuoga na, zaidi ya zote, kucheza. Nchini Marekani, ambako chama cha kwanza cha wanataaluma wa fani hii kiliundwa mwaka 1917, kazi hiyo hufanywa na watu wawili: mtoa tiba, anayempima mtoto na kuandaa mpango wa huduma, na msaidizi wake, ambaye kwa kawaida amesoma chuoni kwa miaka 2 hivi na kufaulu mtihani wa taifa, naye huutekeleza mpango huo chini ya usimamizi. Msaidizi haruhusiwi kubadili malengo ya tiba kwa uamuzi wake mwenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayekaa na mtoto muda mrefu zaidi, mpango usiosikiliza taarifa zake hupitwa na wakati upesi.

Mtu anayekitazama kipindi cha tiba kwa mara ya kwanza huweza kudhani kuwa ni mchezo mtupu, na halaumiki sana, kwani ustadi wa msaidizi umo katika kupanga ugumu wa shughuli, yaani kuirahisisha au kuizidishia uzito kidogo kidogo ili mtoto afanikiwe kwa kujitahidi, asikate tamaa wala asizoee kufanyiwa. Katika kuvaa soksi, kwa mfano, msaidizi huivuta hadi ipite kisigino, kisha akamwachia mtoto aipandishe hadi juu ya kifundo. Mtoto akiimudu hatua hiyo ya mwisho, siku nyingine soksi huachwa chini ya kisigino, baadaye kwenye vidole, hadi aweze kuianza mwenyewe, na katika muda wote huo ni yeye anayeimaliza kazi. Kreyoni nazo huvunjwa makusudi, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki vizuri kwa kiganja kizima na humlazimu mtoto kutumia ncha za vidole. Vipande hivyo havina gharama ya ziada, jambo linalofaa kuzingatiwa na wanaoamini kuwa tiba ya watoto ni vifaa ghali.

Nchini Marekani, marekebisho ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 yaliyawezesha majimbo kuanzisha huduma za mapema kwa watoto wenye ulemavu au wanaochelewa kukua, tangu kuzaliwa hadi miaka 3, huduma ambazo, tiba kwa vitendo ikiwemo, kadiri inavyofaa hutolewa nyumbani au katika kituo cha malezi. Huko msaidizi hulazimika kumfundisha mama au bibi zaidi ya kumshughulikia mtoto, maana kipindi kimoja kwa wiki hakiwezi kushindana na milo na mavazi ya siku saba. Anayekuja na mfuko wa vitu vya kuchezea na kuondoka nao hajaiachia familia kitu.

Familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, zikiwemo za wakimbizi kutoka Kongo, zinaweza kuomba zenyewe, bila malipo, mtoto afanyiwe tathmini ya kupata huduma hizo, na mtoto akishapelekwa, tathmini pamoja na kikao cha kwanza cha kuandaa mpango wa huduma kwa familia hutakiwa kufanyika ndani ya siku 45.