Wahadzabe hutembea kutwa, mbona hawachomi kalori kutuzidi?

Mtu akinenepa, ushauri wa kwanza anaopewa, na daktari au na shangazi yake harusini, ni kwamba akimbie. Nyuma yake kuna imani kwamba wazee wetu hawakuwa na vitambi kwa sababu walitoa jasho, na sisi tumenenepa kwa sababu ya kukaa. Imani hiyo ilipimwa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ikayumba.

Mwaka 2012 mwanaanthropolojia wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, watu wazima wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Walipewa maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito kuliko za kawaida, zisizodhuru, kisha mkojo wao ukapimwa kwa siku kadhaa. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini pamoja na maji tu, ilhali oksijeni hutoka pia katika hewa ya kaboni tunayoipumua nje. Tofauti ya kasi ambazo hizo mbili hutoka mwilini huonyesha hewa hiyo ni kiasi gani, na hivyo ni kalori ngapi zimechomwa.

Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukubwa wa miili ukishazingatiwa, kalori walizotumia zililingana na za Wamarekani na Wazungu wanaoshinda kwenye viti. Pontzer anaamini kwamba mwili una bajeti: misuli ikitumia zaidi, kazi nyingine za ndani hubanwa. Maelezo hayo bado yanabishaniwa. Na hakuna aliyesema tuache mazoezi. Moyo unayahitaji, hata kama mizani haisogei.

Ikabaki sahani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, Kevin Hall, wakati huo mtafiti katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliwaweka watu 20 wodini kwa wiki 4. Wiki 2 walipewa vyakula vya viwandani vilivyosindikwa mno, na wiki 2 vyakula visivyosindikwa hivyo. Milo iliyoandaliwa ilikuwa na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi sawa, na kila mtu alikula atakavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo 1. Ni watu walewale, wodi ileile. Anayedhani unene ni ulafi tu atafute jibu la hilo.

Sindano ya semaglutide, inayoiga homoni ya utumbo iletayo shibe, hugusa upande huohuo wa kula. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, waliochomwa sindano hiyo kwa wiki 68 walipungua uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha, theluthi mbili ya uzito uliopungua ilikuwa imerudi. Kwa hiyo ni dawa ya kudumu, kama ya presha, ila ilipoidhinishwa Marekani kwa kupunguza uzito mwaka huohuo wa 2021, bei yake rasmi ilizidi dola 1,300 kwa mwezi.