Mzazi, soma kwanza ndipo usaini

Safu hii imezoea kuzungumzia masikio, macho na meno ya watoto. Leo tuzungumzie karatasi. Wapo ndugu zetu waliohamia Marekani, wakiwemo waliotokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Mmoja akiletewa barua na shule kwamba mwanawe yuko nyuma kimasomo na inatakiwa saini ili apimwe, hupiga simu nyumbani kuomba ushauri. Nasi huku, bila kuiona karatasi, tunamjibu: "Usisaini kitu!"

Jibu hilo linaweza kumponza mtoto.

Sheria ya huko ilipitishwa mwaka 1975, na tangu 1990 inajulikana kwa herufi IDEA. Inampa mtoto mwenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 3, haki ya elimu inayomfaa katika shule za serikali bila malipo. Ulemavu hapo ni pamoja na uziwi, uoni hafifu, usonji, matatizo ya kusema na ugumu wa kujifunza kusoma. Lakini shule haiwezi kuanza hivi hivi. Inahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na ridhaa zenyewe ni mbili: ya kumpima, kisha ya kuanza kumpa huduma. Ukisaini ya kwanza hujakubali ya pili. Hapa ndipo wengi wanapochanganya.

Kupima kwenyewe si sindano wala dawa. Wataalamu hukaa na mtoto, humsomesha, humwangalia darasani. Wewe nawe utaulizwa: alizaliwaje, alianza kutembea lini, aliwahi kuugua nini? Tafadhali usifiche. Homa ya uti wa mgongo huweza kuondoa usikivu, na malaria iliyopanda kichwani huweza kuathiri ubongo. Mwalimu wa Marekani hawezi kujua kwamba mtoto alipata degedege akiwa na miaka miwili. Unayejua ni wewe, mama.

Jambo jingine ni lugha. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha itakayoonyesha kweli anachokijua, kadiri inavyowezekana. Tena ni marufuku kumwita mlemavu ikiwa sababu kubwa ni kutojua Kiingereza au kutofundishwa vizuri huko alikotoka. Kwa hiyo uliza bila woga: "Mmempima kwa lugha gani?" Maelezo nayo unastahili kupewa kwa lugha yako, na kwenye kikao shule ilete mkalimani. Usimtumie dada yake mgonjwa wa hesabu wala kaka yake wa darasa la saba. Ataona aibu, ataruka maneno, nawe utasaini usichokielewa.

Mtoto akionekana anastahili, mtaitwa kikaoni kuandika mpango wake wa masomo, wenyewe huuita IEP. Mzazi ni mjumbe wa kikao hicho, si mgeni. Hapo ndipo inapokuja saini ya pili. Ukiikataa, shule haiwezi kukushitaki ili ikulazimishe. Ukikubali kisha ukabadili mawazo, unaweza kuiondoa ridhaa kwa maandishi wakati wowote, ila ujue kwamba huduma zote maalumu zitasimama, si ile moja usiyoipenda. Na kama huridhiki na majibu ya kipimo, omba kipimo cha mtaalamu wa nje. Shule italazimika kukilipia, au ifungue shauri kuthibitisha kwamba chake kilikuwa sahihi.

Wapo wanaokataa kwa sababu nyingine kabisa: majirani watasema mtoto ni taahira. Mtoto asiyesikia vizuri anaachwa nyuma ya darasa mwaka baada ya mwaka, anapigiwa kelele kuwa mkaidi, kumbe angepewa kifaa cha masikio na mwalimu wa kumsaidia kusema. Aibu hiyo ni ya nani?

Basi ndugu yako akipiga simu, mwambie aombe mkalimani, asome, aulize, ndipo aamue. Akisaini, aandike tarehe na abaki na nakala, aiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Shule ina siku 60 za kumaliza kupima, isipokuwa jimbo lake limepanga muda mwingine, na siku hizo huhesabiwa tangu shule ilipoipokea ridhaa yake.