Mamba wa Rusizi na Maporomoko Yaliyomzuia

Askari apangiwaye lindo Cyangugu huzoea upesi kuoga ziwani. Watoto wa Kamembe hujitosa majini, wavuvi hukesha na taa zao wakivua sambaza, wala hakuna ageukaye kutazama nyuma. Ziwa Kivu halina mamba. Lakini mto utokao katika ziwa hilo hilo, yaani Rusizi, ambao tangu mwaka 2006 umeipa jina wilaya yenyewe, huishia katika makao ya mamba wakubwa mno. Hatari humkuta yule ashukaye bondeni na mazoea ya ziwani.

Kwanza tuondoe kosa la majina. Aligeta ni mnyama wa Marekani na China. Huyu wetu ni mamba wa Naili, naye ni mkali zaidi.

Hapo kale maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa hata yakapata mlango upande wa kusini, mahali zinapotazamana leo Cyangugu na Bukavu. Kivu iko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika kiasi cha mita 770. Mto wa kilomita 117 hivi hushuka tofauti hiyo yote, tena kwa kishindo katika makorongo yake ya mwanzo. Maporomoko hayo ndiyo yatajwayo zaidi kuwa yamemzuia mamba asipande. Hata sambaza, ambaye asili yake ni Tanganyika, hakupanda mwenyewe. Aliletwa na watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Nguvu hiyo hiyo ya maji sasa huzalisha umeme; bwawa la Rusizi ya Pili lilikamilika mwaka 1989.

Wanajeshi si wageni hapa. Wajerumani waliweka kituo chao Shangi mwaka 1898, na mapatano ya Brussels ya mwaka 1910 yakaufanya mto kuwa mpaka. Bukavu, ng'ambo ya pili, iliwahi kuitwa Costermansville.

Huko chini, penye mlango wa mto karibu na Bujumbura, ndiko alikovuma mamba aitwaye Gustave, jina alilopewa na Mfaransa Patrice Faye. Filamu ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi mtego wao mkubwa wa chuma ulivyoshindwa kumnasa. Yasemekana alizidi mita sita, na kwamba mwili wake ulikuwa na makovu ya risasi. Yasemekana pia aliua watu mamia, jambo ambalo halijathibitishwa. Askari mwenye kuandika taarifa aijua tofauti ya maiti iliyoonekana na maiti iliyosimuliwa.

Lililo yakini ni hili: mamba hushika mazoea ya windo lake. Kikosi kikichota maji pale pale, saa ile ile, siku tatu mfululizo, mnyama huyo aweza kuwa amekwisha kuingia chini ya ukingo akingoja siku ya nne, macho na pua tu juu ya maji. Kwa hiyo mahali pa kuchotea pabadilishwe kila siku, ndoo ifungwe kamba ndefu, na mwenzio asimame nyuma akitazama maji, si akitazama ndoo.