Kompaila ya Pili katika Linux

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mwanaprogramu kuwa lugha ya mashine. Katika distro (matoleo kamili ya mfumo) nyingi za Linux kazi hiyo ni ya GCC, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987. Mshindani wake mkubwa ni Clang, tawi la LLVM, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Clang imeshaingia hata Lamu, pwani ya Kenya, bila wengi kujua: Google huitumia kujenga Android, mfumo uliosimama juu ya kiini cha Linux, na simu za Android zimejaa mikononi mwa watu kuanzia Shela hadi Faza.

Kuiongeza Clang katika distro kama kifurushi cha hiari ni jambo jepesi. Inatosha kupatikana nafasi ya diski na mtunzaji wa kufuatilia masahihisho ya usalama. Kujenga distro nzima kwa Clang ni jambo zito. Distro ya Debian ilipojaribu mwaka 2012 kwa Clang 3.0, takriban asilimia 9 ya vifurushi vilikataa kujengeka. Sababu moja ni kwamba Clang ilifuata kanuni za lugha ya C za mwaka 1999, ilhali GCC ya wakati ule ilishikilia za zamani. Vifurushi vingine vilikuwa na makosa hasa, kama kazi (function) inayopaswa kurudisha thamani lakini hairudishi kitu. GCC iliishia kuonya tu, Clang ikagoma.

Kugoma huko hufichua makosa, na hiyo ni faida kubwa kuliko kasi yoyote ya kujenga. Tena lipo suala la uaminifu. Mwaka 1984 mwanaprogramu Ken Thompson alieleza jinsi kompaila inavyoweza kupandikiza mlango wa siri katika programu, na kujirithisha hila hiyo kila inapojengwa upya, bila alama yoyote kwenye msimbo. Mtafiti David A. Wheeler alionyesha dawa ya hila hiyo: msimbo wa kompaila inayoshukiwa hujengwa kwa kompaila nyingine, zao lake huujenga tena msimbo uleule, kisha matokeo hulinganishwa biti kwa biti na kompaila ya awali. Distro yenye kompaila moja tu haina cha kulinganishia.

Kwa hiyo Clang inastahili nafasi, ila GCC haihitaji kung'olewa. Distro ya Fedora iliamua vizuri mwaka 2020: kila kifurushi kijengwe kwa kompaila inayopendelewa na waandishi wake, na wasipokuwa na chaguo, GCC itumike.