Krete Ina Miezi Yake

Meli iliyombeba Mtume Paulo kwenda Roma ilifika pwani ya kusini ya Krete majira yakiwa yameshaharibika. Kitabu cha Matendo kinaeleza kwamba Mfungo wa Wayahudi ulikuwa umepita, na Paulo akawaonya wenzake kuwa safari ingewaletea hasara. Nahodha na mwenye meli walikuwa na hoja yao: Bandari Nzuri, walipotia nanga, haikufaa kukaa wakati wa baridi, nayo bandari ya Foinike haikuwa mbali upande wa magharibi. Wakang'oa nanga. Upepo mkali uliwashukia kutoka nchi kavu, ukawachukua kwa wiki mbili hadi meli ikavunjikia Malta. Bandari Nzuri ingalipo, Wagiriki wanaiita Kaloi Limenes, na pepo zinazoshuka kutoka milimani bado zina nguvu. Mgeni wa leo akikosea mwezi hapotezi roho. Anachopoteza ni fedha, na pengine sehemu bora ya kisiwa chenyewe.

Krete ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 8,300, karibu mara tano ya Unguja. Kimelala mashariki hadi magharibi kwa urefu wa kilomita 260 hivi, lakini upana wake ni kilomita 60 mahali palipo papana na 12 tu mahali palipo pembamba. Katika wembamba huo imesimama milima mirefu: Psiloritis wenye mita 2,456, na Milima Myeupe upande wa magharibi, ambayo kilele chake cha Pachnes kina mita 2,453. Kwa sababu hiyo, siku moja ya Aprili watu hula chakula cha mchana nje bandarini Chania huku juu yao theluji ikiwa bado haijayeyuka. Anayeuliza hali ya hewa ya Krete hana budi kutaja pia upande na kimo. Magharibi hupata mvua nyingi, kusini mashariki ni pakavu, na pwani ya kaskazini ina upepo.

Aliyekulia kwenye masika na vuli za Afrika Mashariki huona mpangilio wa huko kama uliopinduliwa. Krete mvua huja pamoja na baridi, tangu Oktoba hadi Machi, na Julai inaweza kwisha bila tone. Mjini Heraklion joto la mchana mwezi Januari ni nyuzi 15 hivi, na katikati ya kiangazi hufika 29 au 30. Likija wimbi la joto kali, hupita 40. Hata upepo una zamu nyingine. Wakati pwani ya Waswahili iko katika kusi, Krete inavumiwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao Julai na Agosti huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo.

Bahari nayo huchelewa kufuata hewa. Hupoa kabisa Februari na Machi, nyuzi 16 hivi, na hupata joto lake la juu Agosti, nyuzi 25 au 26. Jambo hili linastahili kutazamwa vizuri na mtu wa Mombasa, Tanga au Bagamoyo, kwa sababu joto hilo la juu ni karibu sawa na bahari ya kwao inapokuwa imepoa kuliko mwaka mzima.

Hata hivyo Agosti ndio mwezi ambao matangazo mengi ya safari huupigia debe. Ni likizo ya Ulaya nzima, na Wagiriki wenyewe wako njiani, hasa kuelekea tarehe 15, sikukuu kubwa ya Bikira Maria. Vyumba hupanda bei. Ufukwe wa Elafonisi, wenye mchanga wa rangi ya waridi, hujaa miavuli, na meltemi ikichachamaa kuna siku boti za kwenda ghuba ya Balos hazitoki. Knossos, kasri la Waminoa ambalo Mwingereza Arthur Evans alianza kulifukua mwaka 1900, lina kivuli kidogo sana. Anayelitembelea saa nane mchana hukumbuka jua kuliko michoro ya ukutani. Kiangazi pia ni msimu wa moto: mwanzoni mwa Julai 2025 nyika iliwaka karibu na Ierapetra, na zaidi ya watu elfu moja walihamishwa, watalii wakiwemo.

Kwa msafiri kutoka pwani yetu, Agosti ni chaguo baya. Hakuna haja ya kulipa bei ya juu kabisa ili kufuata kitu ambacho Diani na Nungwi zinacho kwa ubora zaidi.

Anachokikosa nyumbani kipo kati ya nusu ya pili ya Aprili na mwisho wa Mei. Mvua za baridi zimeacha nchi ikiwa kijani, na mabonde yamejaa maua ya porini, pamoja na okidi ndogondogo ambazo mtu huzipita asipoinama. Wenyeji wanatoka na visu na mifuko kuchuma mboga za mwituni, ambazo huchemshwa na kuliwa na ndimu na mafuta ya zeituni. Mchana ni nyuzi 20 hadi 24, hali ya kumwezesha mtu kutembea kutwa nzima. Na Krete ni nchi ya kutembea kwa miguu.

Mfano ulio wazi ni korongo la Samaria, ambalo limekuwa hifadhi ya taifa tangu 1962. Njia yake ni kilomita 16, inaanzia juu ya mita 1,200 na kushuka hadi kijiji cha Agia Roumeli kwenye bahari ya Libya. Mahali panapoitwa Milango ya Chuma, kuta za mwamba zinakaribiana hadi nafasi inabaki mita tatu au nne hivi. Kwa kawaida korongo hufunguliwa Mei mosi na kufungwa mwisho wa Oktoba, kwa kuwa wakati wa mvua maji hushuka kwa ghafla na kuua. Siku za joto kali pia hufungwa. Mei, basi, ndio mwezi wake: maji bado yanatiririka chini, na jua bado lina huruma. Agia Roumeli haina barabara ya gari. Mtu hutoka kwa boti.

Mei ina kumbukumbu nyingine, nzito. Tarehe 20 Mei 1941 askari wa Ujerumani waliangushwa kwa miavuli juu ya Maleme na miji ya kaskazini, na wanavijiji walitoka kuwakabili pamoja na askari wa Uingereza, Australia, New Zealand na Ugiriki. Kila mwaka maadhimisho hufanyika. Makaburi ya Jumuiya ya Madola pale Souda, yaliyo ukingoni mwa maji, yanastahili saa moja ya kila mgeni.

Pasaka ya Kiorthodoksi huangukia majira hayohayo, na hakuna sikukuu inayowafunua Wakrete zaidi ya hiyo. Baada ya wiki nyingi za mfungo bila nyama, usiku wa Jumamosi Kuu watu hufurika nje ya makanisa wakiwa na mishumaa. Usiku wa manane kasisi hutangaza ufufuo, na sanamu ya Yuda iliyowekwa juu ya rundo la kuni huchomwa moto. Kisha ni mayai mekundu, supu, na kesho yake kondoo. Tarehe zake mara nyingi hazilingani na Pasaka yetu. Mwaka 2027 Wakatoliki na Waprotestanti watasherehekea Machi 28, Waorthodoksi Mei 2.

Asiyeweza Mei na aende Oktoba. Bahari bado ni nyuzi 23, umati umepungua, na vijijini wanakeneka raki kutokana na makapi ya zabibu; majirani hukaa kuzunguka mtambo wakila viazi vya kuchoma na makomamanga. Kuanzia Novemba nyavu hutandazwa chini ya mizeituni, na vinu vya mafuta hufanya kazi hadi usiku. Hoteli nyingi za ufukweni hufungwa wakati huo hadi Aprili, ila Heraklion na Chania huendelea na maisha yao, na Makumbusho ya Akiolojia ya Heraklion huwa na nafasi ya kutosha mbele ya kila kabati.

Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Anayelenga Pasaka ya 2027 anaweza kuanza mwishoni mwa Oktoba 2026. Feri ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi Heraklion huchukua takriban saa tisa, na wiki ya Pasaka Wagiriki wengi hurudi kwao, kwa hiyo tiketi ya feri ikatwe kabla hata ya kutafuta chumba.